Kilo za Rabson

Zahoro Idrisa alikuwa na wivu. Tuanze na hilo, maana mwenyewe alikaa miezi saba akiuita majina mengine. Mara aliuita mashaka, mara aliuita kumjali mwenzake, mara alijiambia anafanya uchunguzi tu. Ulikuwa wivu, tena ule wa kumkosesha mtu usingizi, na aliyemwonea hakuwa tajiri wala kijana. Alikuwa Rabson Mbonile, muuza vipuri vya malori pale Tunduma, mtu wa miaka arobaini na sita, mzaliwa wa Iyula, baba wa watoto wanne, golikipa wa timu ya maveterani.

Na alichomwonea wivu ni goti.

Zahoro mwenyewe ni mtu wa Korogwe. Aliingia Tunduma mwaka 2004 akiwa utingo wa lori lililokuwa likipeleka mbolea Zambia. Lori likakaa kwenye foleni ya mpakani siku tisa. Dereva alilala, Zahoro akazunguka. Kufika siku ya kumi alikuwa anajua karatasi ipi inapigwa muhuri wapi na nani anachelewa kurudi kutoka chakula cha mchana, na lori lilipovuka halikuvuka naye. Leo ni wakala wa forodha. Ana ofisi ya chumba kimoja nyuma ya maegesho ya malori, mke anayeitwa Naila, watoto watatu, na kitambi.

Kitambi kilikuja pamoja na ofisi. Kazi ya uwakala ni kukaa na kusubiri, na anayesubiri anakula. Saa nne chapati na supu, saa saba wali nyama, saa kumi chipsi mayai na soda, halafu nyumbani kuna sahani ya Naila. Sahani ile haikuwa mchezo. Naila alilelewa kwamba mume anapimwa kwa sahani yake, na mume akionekana mwembamba anayeulizwa ni mke. Basi alikuwa anajaza wali mpaka unafanya kilima, juu anaweka maharage ya nazi, pembeni samaki wa kukaanga, na anasimama pale mlangoni mpaka auone mwisho wake.

Lakini mpira ndio uliomfanya ajulikane. Katika mji ambao nusu ya watu ni wapita njia, Zahoro alikuwa na jina: Tisa. Miaka kumi na moja alivaa jezi namba tisa ya maveterani, kila Jumapili saa kumi na mbili asubuhi kwenye kiwanja cha shule ya msingi, baridi ikiwa imeshika masikio. Na kila mwezi wa nane kulikuwa na mechi moja iliyozidi nyingine zote, dhidi ya maveterani wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Siku hiyo watu wanafunga maduka mapema. Zahoro alikuwa ameifunga Nakonde mara sita. Usipomuuliza atakuambia.

Kisha mwili ukaanza kumgeuka. Kwanza goti la kulia, likawa linavimba kila Jumatatu. Baadaye kisigino, halafu nyonga. Alijaribu kila kitu ambacho hakikumtaka aache kula. Alichuliwa kwa mafuta ya nyonyo, akafunga bandeji, akapikiwa mizizi aliyoletewa na dereva mmoja kutoka Itaka, akachomwa sindano za maumivu ili acheze dakika arobaini na tano halafu apande ngazi za ofisini kwa kushika ukuta. Mwisho alikwenda kwa daktari. Daktari akalibonyeza goti, akatazama picha, akamsimamisha kwenye mizani. Kilo mia moja na nne.

"Mzee, goti lako halina ugonjwa wa kutisha," daktari akasema. "Lina mzigo. Punguza kilo kumi na tano, uje tuongee."

Zahoro alitoka pale amenuna. Aliona ametukanwa. Wiki iliyofuata alitafuta daktari mwingine.

Rabson alikuwa na hali kama yake, tena mbaya zaidi. Watu walimwita Kontena, kwa sababu alipokuwa golini mtu hakuona nyavu. Kilo mia na nane, magoti yote mawili mabovu. Yeye na Zahoro walikaa kwenye benchi moja baada ya mechi, wamepandisha suruali, wakipokezana chupa moja ya dawa ya kuchua na kulinganisha nani amevimba zaidi. Walicheka sana hapo. Ukiwa na mwenzako wa kuumwa naye, maumivu yanakuwa kama klabu yenye wanachama wawili.

Baada ya mechi ya Nakonde ya mwaka ule, ambayo walifungwa, Rabson alitoweka kiwanjani. Ikasemekana yuko Iyula kwenye kahawa ya baba yake, siku nyingine yuko dukani, lakini kwenye mpira haji. Zahoro hakujali sana. Rafiki yake alikuwa akipumzisha magoti, ndivyo alivyodhani.

Jumapili moja ya mwezi wa pili, kiwanja kikiwa tope kwa mvua za usiku, alimwona mtu akikimbia polepole kuzunguka magoli. Mwembamba, shingo inaonekana, suruali ya michezo imefungwa kwa kamba kiunoni. Alipomkaribia, mtu yule akacheka kicheko ambacho Zahoro alikijua.

"Tisa! Hunijui?"

Alikuwa Rabson. Kilo themanini na nne.

Siku hiyo mshambuliaji mmoja alikuwa na msiba Vwawa, na Mwalimu Anania, mwalimu mstaafu aliyekuwa kocha wao, akamwambia Rabson aingie mbele tu, wapate idadi. Kontena akafunga mawili. La pili alimkimbiza beki mwenye miaka thelathini na nane, akamwacha, na baada ya kufunga hakushika goti wala hakuinama kutafuta pumzi. Alirudi katikati akitembea kama mtu aliyetoka kununua mkate. Zahoro alikuwa benchi na bandeji yake. Roho ilimuuma vibaya. Angekuwa ni kijana wa miaka ishirini angemezea, lakini huyu alikuwa mwanachama mwenzake, na amejitoa bila kuaga.

Jioni Naila akazidisha.

"Baba Sufi, nimekutana na shemeji Rabson sokoni. Jamani, kapendeza! Karudi kijana kabisa. Nikamwambia Mama Ipyana awe macho." Akacheka na kuweka sahani mezani.

Mama Ipyana ni Loisi, mke wa Rabson. Zahoro alikula kilima chote kwa hasira, akaomba aongezewe.

Alichoamini ni kwamba kuna dawa. Mtu hapunguzi kilo ishirini na nne na magoti yakapona hivi hivi, lazima kuna kitu amepewa na Wazambia, na amekificha. Ndipo alipoanza ule aliouita uchunguzi. Alitafuta sababu za kupita dukani kwa Rabson saa saba mchana. Siku ya kwanza aliuliza bei ya kioo cha taa ya lori ambalo hakuwa nalo. Siku ya tatu Rabson akamwambia, "Zahoro bwana, kaa basi, unazunguka kama inzi," na akafungua bakuli lake la chakula mbele yake.

Ndani kulikuwa na ugali wa ukubwa wa ngumi, maharage ya kuchemsha yasiyo na mafuta ya kuonekana, majani ya maboga mengi mno, na nusu parachichi. Basi.

"Hiki tu?" Zahoro akauliza.

"Hiki tu. Asubuhi uji usio na sukari na yai. Usiku mboga na ndizi mbili za kuchemsha, kabla ya saa moja. Soda niliaga. Chapati za Jumapili niliaga, na hizo ndizo zilizoniuma. Miezi miwili ya kwanza sikukimbia hata hatua moja, nilikuwa natembea tu, kwenda na kurudi shambani. Nilipofika kilo tisini na tano magoti yakanyamaza yenyewe. Nilishangaa, ndugu yangu. Nilikuwa nimeyazoea yakiongea."

"Na dawa?"

"Dawa gani? Daktari aliniambia nina mzigo, nikautua."

Maneno yaleyale. Kama ingekuwa dawa ya siri Zahoro angeinunua, au angemchukia Rabson kwa kumnyima, na vyote viwili vingempa nafuu. Lakini mtu alikuwa amemweleza kila kitu, bila choyo, huku akitafuna majani ya maboga. Siri haikuwepo. Kilichokuwepo ni kwamba wote wawili waliambiwa jambo moja, mmoja akasikia na mwingine akanuna.

Wiki mbili baadaye Mwalimu Anania akamwita pembeni. Alikuwa mzee wa kanisa, hakuwa mtu wa kuzungusha maneno.

"Tisa, mechi ya Nakonde mwaka huu mbele atasimama Rabson. Wewe pumzisha goti."

"Mwalimu, mimi nimewafunga mara sita."

"Najua. Ila anayecheza ni mwenye miguu. Ukiipata miguu, njoo, tutaongea."

Hapo sasa ndipo ilipofika Jumapili ya supu.

Maveterani wana desturi. Baada ya mazoezi wanakwenda pamoja kwenye kibanda cha supu karibu na stendi, wanakaa kwenye mabenchi na jasho lao, supu ya makongoro, chapati, pilipili, na hapo mji mzima unasemwa mpaka saa nne. Rabson alikuwa haji tena. Akimaliza mazoezi anaaga na kutembea kwa miguu mpaka nyumbani. Nafasi yake ilikuwa wazi kwenye benchi, na nafasi iliyo wazi husemwa.

Mtu mmoja akasema, "Kontena kaisha kabisa, siku hizi hata kivuli chake chembamba." Wakacheka. Mwingine akauliza amefanyaje. Zahoro, ambaye alijua amefanyaje kwa kila kijiko, alikuwa anavunja mfupa. Akasema bila kuinua uso:

"Mtu hakondi hivi hivi. Na mji wenyewe ndio huu, na malori haya. Mimi simo."

Hakusema zaidi ya hapo. Hakutaja ugonjwa. Lakini Tunduma ni mji wa mpakani, na madereva wanalala humo usiku mmoja mmoja tangu enzi ambazo watu walikuwa wakizikana kila wiki kwa ule ugonjwa, na masikio ya humo hayahitaji kumaliziwa sentensi. Mmoja akasema, "Mungu amsaidie," na supu ikaendelea. Zahoro alijisikia vizuri. Lazima tuseme ukweli: alijisikia vizuri kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili.

Na kesho yake, wivu uleule uliomfanya aseme vile ukamfanya aanze kula kama Rabson.

Alitaka jezi yake. Muda ulikuwepo, miezi mitano na ushee. Lakini alijua fika mji unavyomtazama mtu anayekonda, alikuwa ameulisha mwenyewe jana yake. Kwa hiyo kabla hajapunguza hata tonge, alijipa ugonjwa. Alichagua ugonjwa wa heshima. Alipita ofisini, kwenye forodha, msikitini, kwa kinyozi, akamwambia kila aliyemuuliza na asiyemuuliza: "Daktari kanikamata na presha. Kaniambia nipungue la sivyo nitaanguka." Watu wakampa pole. Presha ni ugonjwa wa watu wazima wenye ofisi. Alinunua mwavuli kabla mvua haijamfikia, akijua nani aliyeiita.

Naila ndiye aliyekuwa mgumu. Siku Zahoro alipomwomba ampunguzie wali, aliweka mwiko chini.

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Presha."

"Wataniambia nakunyima chakula, Baba Sufi. Kwetu wakija wakikukuta umebaki mifupa nitajibu nini?"

"Utawajibu presha."

Ilichukua wiki tatu. Mwanzoni Naila alikuwa akificha wali chini ya mboga, kama watu wa magendo wanavyoficha bidhaa chini ya magunia. Mwisho alikubali, akaanza hata kuchemsha samaki kwa ndimu, akikunja uso. Zahoro aliteseka. Saa kumi jioni harufu ya chipsi iliyokuwa ikitoka kibanda cha jirani ilimfanya atoke ofisini na kwenda kusimama upande mwingine wa barabara, kwenye moshi wa malori. Alizunguka foleni kwa miguu badala ya bodaboda, lori kwa lori, kilomita tatu kwenda na tatu kurudi, akikusanya karatasi. Kila alipotaka kuacha alimfikiria Rabson akirudi katikati ya kiwanja bila kushika goti. Wapo wanaoacha kula kwa ajili ya watoto wao au kwa ajili ya Mungu. Zahoro aliacha kwa kijicho, na kijicho kikamfikisha.

Mia na nne, tisini na tisa, tisini na nne. Mwezi wa sita aliamka Jumatatu moja, akashuka kitandani, akatembea mpaka bafuni, na akiwa na mswaki mdomoni ndipo alipokumbuka kwamba hajaliwazia goti. Alilibonyeza. Kimya. Akakaa kizingitini akacheka peke yake, povu likimtoka.

Huku nyuma maneno ya kwenye supu yalikuwa yanatembea. Zahoro aliyaona yakitembea. Aliona madereva wawili waliokuwa wateja wa Rabson wakinunua fani belti duka la pili. Alisikia wanawake wa kwaya ya kanisani kwao Loisi wamemshika mikono na kumwambia, "Tunawaombea, dada, jipe moyo," naye hajui anaombewa nini. Alisikia mama mkwe wa Rabson amekuja kutoka Iyula na kuku wawili, akamtazama mkwewe kuanzia kichwani mpaka miguuni, akaingia ndani kulia. Mara ya kwanza Zahoro aliposikia hayo alitaka kusema kitu. Akajiambia maneno ya mji hupita. Akajiambia pia, kwa sauti ya ndani zaidi, kwamba Rabson alikuwa amesifiwa vya kutosha.

Rabson na Loisi walikwenda kupima pamoja. Wazima wote wawili. Rabson alitembea na ile karatasi ya majibu kwenye mfuko wa shati wiki nzima, lakini amwonyeshe nani? Hakuna aliyemuuliza. Watu walikuwa wanampa pole ya macho tu, na pole ya macho huwezi kuijibu kwa karatasi. Hayo Zahoro aliyajua baadaye. Alichokiona kwa macho yake ni kwamba kuanzia mwezi wa saba Rabson alirudi kwenye chakula. Saa nne asubuhi alikaa mbele kabisa ya banda la nyama choma pale stendi, mahali ambapo kila anayeshuka basi anamwona, na kilo nzima ya mbuzi mezani, na ndizi, na soda mbili. Alikula akisalimia watu. Hakuonekana kufurahia.

Zahoro alipita mbele yake akitembea kwa kasi, akainua mkono. Moyoni alipiga hesabu. Kama Rabson ataendelea hivyo wiki tano, magoti yataanza kuongea.

Yakaongea. Alhamisi moja kabla ya mechi ya Nakonde, goti la kushoto la Rabson lilijaa maji mazoezini, akatolewa amebebwa. Alikuwa amerudi kwenye kilo tisini na nane. Mwalimu Anania akamtazama Zahoro akikimbia mistari, kilo zake themanini na tisa zikipaa, akamrushia jezi bila maneno. Zahoro alifurahi. Alikwenda nayo nyumbani akiwa ameivaa, na Naila akapiga kigelegele, akasema, "Haya, na presha yako!"

Siku ya mechi vumbi la mwezi wa nane lilikuwa jekundu hewani. Nakonde walikuja na basi lao, wakishuka kwa nyimbo, wazee wao wakisalimia kwa Kibemba, "Mulishani, mukwai, leo mtalia." Kipindi cha kwanza wakatangulia kufunga. Cha pili Tunduma wakasawazisha kwa penalti. Zikiwa zimebaki dakika sita hivi, mpira mrefu ulitoka nyuma, beki wa Nakonde na Zahoro wakaufuata, na Zahoro akafika kwanza. Alipokuwa na kilo mia na nne asingefika hata kwa bodaboda. Akaupiga chini, kona ya kushoto. Bao la saba.

Kelele ilipotulia kidogo, sauti moja ilibaki juu. Rabson alikuwa amesimama kando ya mstari, fimbo mkono mmoja, mkono mwingine amemshika Loisi begani, anapiga mayowe kama aliyefunga ni yeye.

"Mwoneni huyo! Mwoneni! Amekonda, huyo ni mgonjwa? Kukonda ni ugonjwa, nyie? Semeni sasa!"

Watu wa jukwaani wakacheka. Wengine wakatazama chini. Zahoro akarudi katikati, na furaha yake haikurudi naye.

Filimbi ya mwisho ilipopulizwa Rabson alimjia akichechemea, akamkumbatia na jasho lake lote. Loisi alikuwa nyuma yake na kanga mabegani, anatabasamu kidogo, kama mwanamke aliyekuwa amesahau namna ya kutabasamu.

"Tisa, umenirudishia moyo," Rabson akasema. "Kesho naanza upya. Naacha nyama, naacha soda, liwalo na liwe. Nilikula kwa ajili ya midomo ya watu, unajua? Mke wangu alifikia kuniambia, ama unenepe ama narudi Iyula kwa mama, siwezi kuzikwa nikiwa hai. Nikala. Kila tonge nilikuwa nalisikia linashuka moja kwa moja kwenye goti." Akacheka. "Lakini wewe umeshuka kilo kumi na tano palepale nilipo mimi, mji huuhuu, na hakuna aliyekusema. Nifundishe. Ulifanyaje?"

"Niliwaambia mapema nina presha."

"Kumbe una presha?"

Zahoro angeweza kusema ndiyo. Neno lilikuwa dogo.

"Sina."

Rabson akacheka tena, akampiga begani. "Mjanja wewe! Ukawawahi!" Halafu kicheko kikapungua, kikabaki kwenye midomo tu, na Zahoro akamwona anafikiri. Rabson alikuwa mtu wa vipuri, hukitazama kilichovunjika na kurudi nyuma hatua kwa hatua mpaka kilipoanzia. "Mwezi wa ngapi uliwaambia?"

"Wa tatu."

"Wa tatu mimi nilikuwa bado sijasemwa." Akaegemea fimbo. "Sasa wewe ulijuaje kwamba mtu akikonda watamsema?"

Wachezaji wa Nakonde walikuwa wanapiga picha na mashabiki. Naila alikuwa anakuja kutoka upande wa pili na chupa ya maji, akipunga mkono. Zahoro alitazama fimbo ya Rabson, akatazama pale ilipochimba tope kavu la kiwanja.

"Kwa sababu aliyekusema ni mimi."

Loisi aliacha kutabasamu. Rabson hakubadilika uso. Aliuliza taratibu, "Ulisema nini?"

"Nilisema mtu hakondi hivi hivi. Nikasema mji ndio huu, na malori haya."

"Wapi?"

"Kwenye supu. Mbele ya wote."

"Na wakati huo ulikuwa umeshakuja dukani, ukaona ninachokula."

"Nilikuwa nimeshakuja."

Rabson akatikisa kichwa polepole, mara kadhaa, kama anayepokea maelekezo ya njia. "Kwa nini, Zahoro?"

"Nilikuonea wivu. Goti lako lilikuwa limepona."

Hilo nalo aliwahi kulifikiria atakavyolisema, kama siku ingekuja, na kila mara lilikuwa na maelezo marefu mbele na nyuma. Lilipotoka lilikuwa peke yake. Rabson aliondoa mkono begani kwa Zahoro. Akamtazama miguu, kuanzia kwenye soksi mpaka kwenye mapaja.

"La kwako haliumi sasa?"

"Haliumi."

"Hongera," Rabson akasema, na hakukuwa na kejeli ndani yake, ndiyo maana ilichoma. "Mama Ipyana, twende."

Zahoro akasogea kumshika mkono amsaidie. Rabson akausogeza mkono wake kando, bila hasira, akamwegemea mkewe. Walikata kiwanja katikati, hatua na pumziko, hatua na pumziko, yeye akiubeba ule uzito ambao mji ulimlazimisha kuurudisha. Naila alifika na maji, akauliza kuna nini. Zahoro alisimama kwenye magoti yake mazima, akawatazama mpaka Loisi alipomwinua mumewe mguu kwa mikono miwili kumwingiza kwenye bajaji.